Gari Linaloishiwa Nguvu Mbele za Watu

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi Magari,
Gereji za Barabara ya Nyuma.

Kuhusu: Gari langu dogo la bluu, na mkwe wangu

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii imekukuta umekaa, maana yaliyonipata si ya kusomwa na mtu aliyesimama. Kwa sura hatufahamiani. Lakini kama uliwahi kupanda basi la masafa kabla kichwa changu hakijaota mvi, basi kwa sauti unanifahamu. Mimi ndiye Tarumbeta. Jina hilo nilipewa na abiria kwa sababu ya honi. Basi langu lilikuwa na honi ya milio mitatu, na mtu aliyekuwa jikoni kwake akiisikia alijua mgeni wake amefika, akateremsha sufuria, akatoka barazani kumpokea. Nilipostaafu, makondakta waliing'oa honi ile kwenye basi, wakaisugua ikang'aa, wakanikabidhi mbele ya watu. Wengine walilia. Mimi pia nililia, sioni haya kusema. Na nilipopata gari langu dogo, kazi ya kwanza niliyoifanya ilikuwa kufunga honi ile chini ya boneti, kwa spana yangu na mikono yangu.

Nayataja haya ili ujue kwamba anayekuandikia ni dereva, si mmoja wa hawa wanaolijua kanyagio la mafuta kwa sababu tu ndilo lililo upande wa kulia.

Malalamiko yangu kwa ufupi ni haya: gari langu linaishiwa nguvu. Unakwenda vizuri, injini inaimba, mara taa ya manjano inawaka na maandishi yanatokea mbele ya usukani kwamba nguvu ya injini imepunguzwa. Imepunguzwa na nani? Hayasemi. Kwa amri ya nani? Hayasemi. Unakanyaga mafuta mpaka kiatu kinagusa sakafu, gari linakwenda mwendo wa mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha. Ukisimama kando, ukazima, ukaliacha lipumue kidogo, ukawasha tena, linaondoka kwa nguvu zote kana kwamba lililofanya vile ni gari la mtu mwingine.

Enzi zetu, Ndugu Mwenyekiti, kanyagio lilivuta kebo, na kebo ikafungua kile kilango cha kuingiza hewa kwenye injini, ambacho mafundi wako wanakiita throto. Mguu ulisema, injini ikatii. Siku hizi kebo hakuna. Mguu unapeleka maombi kwa kompyuta, kompyuta inayajadili, ikiridhika ndipo inafungua throto. Ikiwa na wasiwasi inakataa, na haitoi sababu. Nimeendesha kwenye matope, kwenye vumbi, na mara moja nikiwa na nyuki ndani ya basi, na sijawahi kuomba ruhusa ya kuongeza mwendo kwa kitu chochote kinachokaa ndani ya boksi.

Sasa naomba nikupangie malalamiko yangu kwa namba, kama wafanyavyo watu wenye akili timamu.

1. Gari hili linanidhalilisha mbele ya watu ninaowafahamu, na mbele yao tu. Kwenye barabara kuu, katikati ya wageni, linakwenda kama limetoka kiwandani leo asubuhi. Lakini nilipopita stendi ya mabasi, pale madereva wenzangu wanapokaa kwenye benchi wakinywa chai, niliwasalimia kwa honi, milio yote mitatu. Wakasimama. Wakapunga mikono. Mmoja akavua kofia. Nikakanyaga mafuta nipite na heshima yangu, gari likakata tamaa pale pale. Nilipita mbele ya benchi lile nikiwa nimeinua mkono kuwapungia, na mkono wenyewe nikashindwa kuushusha kwa sababu bado nilikuwa mbele yao. Kuku alinipita. Yule aliyevua kofia aliivaa tena, akaja kuniuliza kama nahitaji kusukumwa. Nilitamani ardhi ipasuke nizame humo, mimi na gari, ingawa kwa mwendo ule hata kuzama kungechukua muda.

2. Mke wangu ana dada yake mkubwa anayeuza vitambaa karibu na soko. Huyu ni shemeji yangu, na ulimi wake unakata kuliko mkasi anaofanyia kazi. Kila tukienda kwake nampigia honi nikiwa mbali kidogo, ili atoke mlangoni. Na kila akitoka mlangoni, gari linalegea katikati ya barabara, na safari iliyopita nyuma yetu palikuwa na lori la nyanya. Shemeji aliweka mikono kiunoni, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka ndani ya soko: "Shemeji, hilo ni gari au kitanda cha wagonjwa?" Wauza nyanya walicheka. Mke wangu alijifunika uso kwa mkoba.

3. Jirani yangu ni dereva wa teksi. Mtaa mzima unamwita Polepole, na hajakasirika hata siku moja, jambo linaloonyesha ni mtu wa aina gani. Mtu huyu hapigi honi hata kwa mbuzi. Hufungua kioo, akamwomba mbuzi apishe. Nilimkuta barabarani akiwa mbele yangu, nikampigia honi ya kumtahadharisha kama adabu ya barabara inavyotaka, nikatoka upande kumpita. Nilipofika usawa wa mlango wake, nguvu ikapunguzwa. Tukaenda sambamba kwa kitambo, mimi na Polepole, kama maharusi wanaoingia ukumbini. Kisha akafungua kioo akaniambia, "Pole, jirani." Akanipita. Ile pole nimeikalia mpaka leo.

4. Baada ya aibu hizo niliamua kuchunguza jambo hili kwa njia ya kitaalamu, kwa kuwa mafundi wenu wameshindwa. Nilifikiri hivi: kama gari linanidhalilisha mbele ya wanaonifahamu, litafanyaje kama hawatanifahamu? Nikachukua kilemba cha mke wangu, nikajifunga kichwani mpaka chini ya kidevu, nikavaa miwani ya jua, nikapita stendi. Sikumsalimia mtu, sikupiga honi, nilitazama mbele kama mke wa mtu anayewahi miadi. Gari liliruka kama swala! Wenzangu hata hawakugeuka. Kesho yake nikarudi na sura yangu halisi, nikawapigia honi kama kawaida, na kabla ya mlio wa tatu kuisha taa ya manjano ikawaka. Sasa, Ndugu Mwenyekiti, mtu mwenye akili anataka ushahidi gani zaidi? Kompyuta ya gari hili inajua ninapojulikana. Na haitaki nijulikane. Ina wivu.

Nimesikia kwamba siku hizi kuna mashine zinazotambua sura za watu, kwa hiyo usiniambie haiwezekani. Na usinishauri niendelee kuvaa kilemba. Mke wangu anakihitaji, na nilipokuwa nacho kichwani askari wa barabarani alinisimamisha akaniita mama, akanishauri nipunguze mwendo.

5. Gari hili ni nafiki. Likifika gereji ya mkwe wangu halina ugonjwa. Linawashwa, linakanyagwa, linazungushwa kwenye uwanja na kurudi, zima kama jiwe. Pale gereji, kama unavyojua, ukutani pana kibao kikubwa kinachosema USIPIGE HONI, MAFUNDI WAKO CHINI YA MAGARI, kwa sababu fundi aliye mvunguni akishtuka hupasuka paji la uso. Ni utaratibu mzuri, nami nauheshimu. Hukaa kimya kwenye kigoda nikitazama kila spana inayoingia na kutoka, na gari nalo linakaa kimya, linanitazama.

Mkwe wangu huchomeka ile mashine ya kupimia chini ya usukani, na mashine inasema kanyagio na throto havielewani, tena kwamba kuna wakati umeme ulishuka. Umeshuka kwenda wapi, haisemi. Na kuhusu kutoelewana, mimi nimekaa kwenye ndoa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Kutoelewana si ugonjwa. Watu hawaelewani na bado wanafika.

6. Sasa nafika kwa mkwe wangu mwenyewe, na hapa naomba barua hii isisomwe kwa sauti.

Mkwe wangu ni fundi mzuri. Magari ya watu wengine yanaingia kwake yakiwa yamebebwa, yanatoka yakikimbia. Nilipompa binti yangu, nilijua nimempa mtu mwenye mikono. Lakini kwa gari langu ameshindwa, na ameshindwa kwa heshima. Nilimwambia tatizo ni betri. Akasema, "Ndiyo, baba," akabadilisha betri. Haikusaidia. Nikamwambia ni throto, imeota masizi. "Ndiyo, baba." Akaifungua, akaisafisha mpaka unaweza kujitazama, haikusaidia, nikamwambia basi aweke mpya, akaweka. Nikamwambia kanyagio. "Ndiyo, baba." Kanyagio jipya nalo likaja, na nguvu ikapunguzwa siku ile ile mbele ya shemeji. Siku moja, kwa kumjaribu tu, nilimwambia labda ni upepo wa asubuhi unaoingia kwa upande wa abiria. Alifikiri, akajifuta mikono na kitambaa, akasema, "Inawezekana, baba."

Ndugu Mwenyekiti, ni daktari gani huyo ambaye mgonjwa akiingia, anaulizwa angependa kuumwa nini? Penye miti hapana wajenzi. Nina fundi ndani ya familia, anakula mezani kwangu, na gari langu ndilo gonjwa kuliko yote mtaani.

Wala usidhani nimembana. Nilimpa sharti moja tu, siku ya kwanza, mke wangu akiwepo: afungue chochote, avunje chochote, lakini honi yangu haiguswi na mkono wa mtu mwingine. Aliniahidi. Na hilo amelitimiza, kila nikichungulia naikuta honi ipo vile vile nilivyoifunga, sina neno.

7. Badala ya kusema waziwazi, mkwe wangu ana tabia ya kuongea kwa kuzunguka. Siku moja alikohoa, akatazama chini, akasema huenda ingefaa tupunguze mizigo ya umeme. Nikamwelewa mara moja. Nikang'oa redio. Mke wangu alikuwa na kipindi chake anachokisikiliza tukiwa safarini, na tangu redio iondoke ananisimulia mwenyewe yale anayodhani yangesemwa kwenye kipindi hicho, na yote yananihusu. Gari halikupona.

Siku nyingine akakohoa tena, akasema wakati mwingine tatizo huwa kwenye vitu vilivyoongezwa baadaye, ambavyo gari halikuja navyo. Nikamwelewa tena. Nikatoa vitambaa vya viti, zulia, ua la plastiki lililokuwa kwenye dashibodi, na mto wa mgongo wa mke wangu. Akanitazama kwa muda mrefu, huyo mkwe, mdomo wazi kidogo. Nikamuuliza kama kuna kingine. Akasema, "Hapana, baba. Asante, baba." Akaingia mvunguni mwa gari la mtu mwingine, akakaa huko mpaka nilipoondoka.

8. Hili ndilo kubwa, na ndilo lililonishikisha kalamu.

Binti yangu, mke wa huyo fundi, anakaribia kujifungua. Ni mtoto wangu wa pekee. Alipozaliwa yeye, mimi nilikuwa njiani na abiria wa watu, nikipiga honi kwenye miji ya wenyewe, na mama yake alipelekwa hospitali juu ya lori la mkaa. Walifika mama na mtoto, wote wawili weusi kwa mkaa, mkunga akachukua muda kujua aanze na nani. Mke wangu hulisimulia hilo kwa kicheko, nami hucheka naye, lakini nilijiambia zamani sana kwamba akizaliwa mjukuu, usukani nitaushika mimi. Ndiyo maana nilinunua gari. Watu wanadhani nililinunua kwa ajili ya kwenda sokoni.

Juzi wamefanya kikao sebuleni. Binti amekuja kukaa kwetu ili awe karibu na mama yake. Walikaa yeye, mama yake, na mkwe akiwa kwenye ukingo wa kiti kama kawaida yake, na walipomaliza ndipo wakaniita. Wameamua kwamba uchungu ukianza ataitwa Polepole. Polepole! Mtu anayeomba ruhusa kwa mbuzi! Mke wangu alisema kwa sauti ya upole, ile mbaya zaidi: "Baba yake, tukisimama mbele ya soko na mtoto anakuja, tutafanyaje?" Nilimtazama binti yangu, akatazama vidole vyake. Nilimtazama mkwe, akakohoa, lakini safari hii hakusema kitu.

Niliumia, Ndugu Mwenyekiti. Nasema wazi kwamba niliumia. Nimebeba watoto wa watu, wagonjwa wa watu, na maiti wa watu, na hakuna aliyelalamika. Huyu mmoja wa kwangu ndiye nimeambiwa siwezi kumbeba. Nilitoka nje nikakaa ndani ya gari, injini imezimwa, nikashika usukani. Nilikaa sana.

Kwa sababu zote hizo, naomba Umoja wako utekeleze yafuatayo:

(a) Umpe mkwe wangu kibali cha maandishi, chenye mhuri, cha kunikosea heshima kwa mchana mmoja, ili aniambie ugonjwa wa gari langu bila kuzunguka. Nitakibandika ukutani na sitakitumia dhidi yake baadaye.

(b) Ile mashine ya kupimia ifungiwe, au ifundishwe kutaja majina. Kusema kuna kutoelewana bila kutaja aliyeanza ni uchonganishi.

(c) Kompyuta ya gari langu iondolewe uwezo wa kutambua watu, na ikishindikana, irudishwe kebo kwenye magari yote, kuanzia langu.

(d) Mpaka hayo yatimizwe, jirani yangu Polepole azuiwe kuegesha teksi yake karibu na geti langu. Anaegesha pale kwa makusudi. Juzi alikuwa anaifuta vioo huku anapiga mbinja.

Kama Umoja utashindwa, nitalazimika kuwaandikia walio juu yako, na wao wakishindwa nitawaandikia waliotengeneza gari, kwa lugha yao, kwa msaada wa mwalimu anayekaa nyuma yetu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami nimechoka kuliwa.

Wasalimie mafundi wote, walio chini ya magari na walio juu yake, wauza vipuri, na mama anayewapikia chai pale nyuma. Msalimie pia yule aliyechora kibao cha honi. Herufi zake zimenyooka. Mke wangu anakusalimia, ingawa hajui nakuandikia.

Ni mimi, mwenye gari na mwenye uchungu wake,

Tarumbeta
Dereva mstaafu wa basi la masafa

Nyongeza:

Ndugu Mwenyekiti, barua hii ilikuwa mezani ikisubiri stempu, na kabla sijaipata mambo yamegeuka. Naomba uisome tena kutoka mwanzo ukijua haya.

Binti yangu alishikwa na uchungu baada ya chakula cha mchana. Mke wangu akapiga kelele kumwita Polepole. Kimya. Teksi yake ilikuwa gereji kwa mkwe wangu, imepandishwa kwenye jeki, haina tairi hata moja. Mkwe alikuja mbio kwa miguu, grisi mpaka kwenye viwiko. Tukatazamana wote, kisha wote tukalitazama gari la bluu.

Mke wangu akakaa mbele na mimi. Binti na mumewe wakakaa nyuma. Tulipokaribia stendi niliwaona wenzangu kwenye benchi, wote wapo, na mkono wangu ukainuka wenyewe kwenda kwenye honi. Wallahi sikuutuma. Ni mkono wa miaka yote ile.

"BABA, USIPIGE HIYO HONI!"

Nilidhani ni askari. Nilidhani kuna mtu wa tano ndani ya gari. Ni mkwe wangu. Kijana ambaye hajawahi kuniomba chumvi bila kwanza kuniamkia alinipigia kelele sikioni, mbele ya mke wangu, na mate yakanifika shingoni. Binti naye akaacha kulia kwa mshangao. Mke wangu akasema taratibu, "Umesikia alichosema." Nikaurudisha mkono kwenye usukani.

Tukapita stendi kimya. Nimeambiwa baadaye kwamba wenzangu walivua kofia wote wakidhani nimebeba msiba. Na gari, Ndugu Mwenyekiti, gari lilikwenda! Kilima cha sokoni lilikipanda kama halikioni. Shemeji alikuwa mlangoni kwake na hakupata hata nafasi ya kufungua mdomo. Tulifika hospitali binti yangu akiwa msafi, amelala kwenye paja la mumewe, na manesi wakampokea getini. Usukani ulikuwa mikononi mwangu, tangu nyumbani mpaka pale.

Jioni tulikaa kwenye ukuta wa nje, mimi na mkwe, tukisubiri kuitwa. Akatazama viatu vyake, akaniambia. Nilipofunga honi ile, nilifunga waya wake kwenye boliti moja na waya wa kompyuta inayoendesha throto. Honi ya basi ina kiu ya basi. Ikilia, inanywa umeme wote pale, kompyuta inayumba, inadhani throto imeharibika, inapunguza nguvu ili tusiumie. Nikinyamaza, gari ni zima. Pale gereji hakuna anayepiga honi, kwa hiyo halikuugua. Alijua tangu wiki ya kwanza.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasugua grisi kwenye kiwiko. Halafu akasema, "Ningeanzaje, baba?"

Nami nikajiuliza ningejibu nini, kama angeanza. Sikupenda jibu nililolipata.

Kwa hiyo naomba ufute malalamiko namba moja mpaka sita, pamoja na namba nane, na ombi la kwanza halihitajiki tena, kwa kuwa mhusika amejipa kibali mwenyewe, bila mhuri, na amekitumia vizuri. Ombi la mwisho nalo lifute. Polepole amekuja kutuona na kuku wa mchuzi. Namba saba iache ilivyo, maana mke wangu bado anadai redio yake, na mtu wa kuirudisha ni huyo huyo mkwe wangu.

Mjukuu ni msichana. Ana sauti, wakati wa kuoga majirani wote wanajua. Honi nimeing'oa jana kwa spana yangu, nikaiweka juu ya kabati. Mkwe anasema inawezekana kuirudisha, ikipewa waya wake yenyewe kutoka kwenye betri, na gari halitashtuka tena. Amesimama hapo nje sasa hivi na waya mkononi, anasubiri niseme neno.

Nimemwambia bado. Mtoto amelala.